Majivu Yangu na Sijda ya Bibi

Tarehe 5 Machi 2025 ilikuwa Jumatano ya Majivu, na ilikuwa pia siku za mwanzo kabisa za Ramadhani, kwa hiyo nusu ya Dar ilikuwa imefunga kwa hesabu hii na nusu nyingine kwa hesabu ile. Mimi nilisali misa ya saa kumi na mbili asubuhi parokiani kwetu Mbagala, nikapakwa majivu, nikakimbia Rangi Tatu kugombea daladala ya Kariakoo kama siku zote. Nikapata siti nyuma, dirishani, nikamshukuru Mungu.

Nauli nikatoa noti ya elfu tano. Konda akaniambia "braza chenji ntakupa mbele", sawa, nikatulia. Tukapita Zakhem, tukapita Kizuiani, hamna kitu. Mtongani nikamkumbusha, akasema subiri. Kwa Aziz Ali nikamkumbusha tena, akanijibu "we braza mbona unasumbua, chenji yako itakimbia iende wapi", abiria wakacheka, na mimi nilikuwa sijanywa hata chai, foleni haitembei, joto limeshaanza, nikapandwa na hasira ambazo hata leo sijui zilikuwa zimekaa wapi siku zote hizo. Nikamtukania mama yake. Kwa sauti, gari zima linasikia.

Siti ya mbele yangu kulikuwa na mzee mmoja wa kanzu na baraghashia, mkononi tasbihi. Hakugeuka kwa haraka. Aligeuka taratibu kama mtu anayeumwa shingo, akaniangalia machoni, halafu akapandisha macho yake juu kidogo, kwenye paji la uso wangu, akayaacha hapo. Akasema, "Kijana, na hayo majivu?"

Basi. Akageuka mbele akaendelea na tasbihi yake.

Sijawahi kuona aibu vile, yaani ningepata pa kushukia ningeshuka hapohapo. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa nimesahau kabisa kama ninayo. Mtu haoni paji lake mwenyewe, hata uwe na macho mazuri vipi. Gari zima lilikuwa linaona msalaba wa majivu usoni kwangu, konda anauona, yule mzee anauona, mwanamke niliyekaa naye anauona, asiyeuona ni mmoja tu, mwenye nao. Na toka siku ile nimekuwa nikiliwaza hili jambo la alama, hizi tunazovaa, tunazobandika, tunazochora, kwamba labda siku zote tumekuwa tukiulizana swali lisilo lenyewe. Tunaulizana alama hii inanisaidia nini, inanilinda na nini. Yule mzee hakuuliza hivyo. Yeye aliisoma kama mtu anavyosoma hati ya deni, akanidai.

Kwa ambao hawajui, hayo majivu hayatoki jikoni. Ni matawi ya Jumapili ya Matawi ya mwaka uliopita, yale makuti machanga tuliyopunga tukiimba Hosana. Tunarudi nayo nyumbani, unayachomeka nyuma ya picha au juu ya mlango, yanakaa hapo mwaka mzima yanakauka mpaka yanakuwa rangi ya chai, buibui wanajenga humo, halafu Kwaresma ikikaribia inatangazwa kanisani tuyarudishe, yanachomwa. Kwa hiyo kile anachokupaka padri ni shangwe yako mwenyewe ya mwaka jana, imeungua. Mimi hilo nimelijua mtu mzima, nilipoanza kusaidia kuyachoma, nikashangaa makuti ya kiroba kizima yanavyotoa majivu kidogo tu, unayapepeta, unatoa vijiti, kinachobaki hakijai kikombe.

Halafu kuna jambo lingine. Siku hiyohiyo tunayochorwa usoni, Injili inayosomwa ni ile ya Mathayo sura ya 6, ambapo Yesu anasema ukifunga usikunje uso kama wanafiki, jipake mafuta kichwani, nawa uso wako, watu wasijue kama umefunga. Yaani unasikia hayo, halafu dakika kumi baadaye unapanga foleni kupakwa usoni. Wapo wanaofuta wakitoka mlangoni kwa sababu ya somo hilo, na wapo wanaobaki nayo mpaka jioni. Nimeshabishana na watu wa jumuiya yetu kuhusu hili zaidi ya mara moja na zamani nilikuwa upande wa kufuta. Sasa hivi niko upande wa kubaki nayo, ila sababu yangu siwezi kuwaambia jumuiya bila kuwaeleza habari ya konda.

Lakini mzee yule hakunishtua kwa maneno tu. Alipogeuka niliona na yeye ana alama yake, pale katikati ya paji, pameiva peusi, ngozi imekuwa ngumu kidogo. Sijda, alama ya kusujudu. Sisi wa pwani wote tunaijua. Na moyo wangu ukaenda moja kwa moja kwa Bibi.

Bibi mzaa mama alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, Mwislamu wa kuzaliwa na wa kufa, na mimi nimelelewa kwake pale Mbagala mpaka darasa la nne wakati baba na mama wanahangaika na maisha. Mama alibadili dini alipoolewa na baba. Ukoo uliumia, sitaki kudanganya, wapo wajomba waliokaa miaka hawatii mguu kwetu. Bibi hakugomba na hakushangilia. Mama ana majina mawili, la kuzaliwa na la ubatizo, na Bibi mpaka anaingia kaburini alimwita lile la kwanza tu, hata mbele ya padri. Na siku ya komunyo yangu ya kwanza alikuja, kavaa baibui lake, kakaa benchi la nyuma na kanga begani, na pilau la sherehe lilipikwa na yeye.

Alikuwa na mkeka mmoja wa ukindu wa kuswalia. Sio busati la dukani lile la picha ya Makka, hapana, mkeka wa kusuka, ulikuwa na rangi ya zambarau na kijani ambazo zilishafifia. Mimi nilikuwa nalala naye chumba kimoja kwa hiyo alfajiri nilikuwa naamka kwa mlio wa maji ya udhu kwenye kopo, halafu nasikia magoti yanavyolia akiinama. Ule mkeka ulikuwa na sehemu tatu zilizolika: mbili za magoti, na moja ndogo mbele, ya paji. Pale mbele ukindu ulikuwa umekuwa laini unang'aa kama umepakwa mafuta. Nilikuwa napenda kupapasa hapo kwa kidole akishamaliza, na yeye ananiacha.

Siku moja nikiwa mkubwa nilikaa nikapiga hesabu. Swala tano za faradhi zina rakaa 17 kwa siku, mbili za alfajiri, nne za adhuhuri, nne za alasiri, tatu za magharibi, nne za isha. Kila rakaa ina sijda mbili, kwa hiyo paji linagusa chini mara 34 kwa siku, bila kuhesabu za sunna. Kwa mwaka ni mara 12,410. Ukitoa zile siku ambazo mwanamke haswali, bado, kwa mtu aliyeswali zaidi ya miaka sitini kama Bibi, ni laki kadhaa. Ile alama yake haikupakwa na mtu. Ilikuja yenyewe polepole kama njia ya miguu inavyotokea kwenye majani, hakuna aliyekaa akaichora, watu wamepita tu. Majivu yangu mimi yanapakwa kwa sekunde tatu na yanatoka kwa jasho la Kilwa Road kabla sijafika Bendera Tatu.

Kurani yenyewe inaitaja, Surat Al-Fat-h aya ya 29, kwamba alama zao zi katika nyuso zao kutokana na athari za kusujudu. Ila wapo wafasiri waliosema makusudio ya pale sio weusi wa ngozi, ni unyenyekevu na nuru ya mtu. Na masheikh wanaonya, nimewasikia kwa masikio yangu kwenye redio, kwamba wako wanaosugua paji makusudi ili ionekane, na wako wacha Mungu wakubwa wasio na alama yoyote. Bibi hilo alikuwa akilijua bila kuambiwa. Jirani akimsifia sijda yake alikuwa anavuta mtandio mbele akaifunika, anabadilisha mazungumzo. Na nikikosea, nikamtukana mtoto wa mwenzangu au nikaiba sukari, hakuwa ananipiga. Alikuwa anasema, "Watu wanajua wewe mjukuu wa nani." Nadhani ndo maana maneno ya yule mzee yalinipata. Ni sentensi ileile, imevaa nguo nyingine.

Alifariki 2019. Alifariki usiku, akazikwa siku iliyofuata baada ya adhuhuri, kwetu Wakristo ile haraka inashtua, maana sisi tunaweka mwili mochwari, tunasubiri ndugu kutoka Mwanza, tunachapisha fulana. Mimi na wadogo zangu tulikuwa hatujui tukae wapi, tusimame wapi. Mjomba mmojawapo, katika wale wasiokuja kwetu, akanishika mkono akaniambia shika hapa, akaniweka chini ya jeneza begani, tukaenda. Jeneza linapokezanwa, mtu anabeba hatua chache anampa mwingine, kila mtu anataka apate thawabu ya kubeba, kwa hiyo linaenda kama linaelea juu ya vichwa.

Kaburini walipomaliza kumlaza na kuziba kwa mbao, watu wakaanza kutia udongo kwa mikono, magao matatu matatu. Mjomba akanisogeza. Nikachota la kwanza, nikamsikia pembeni yangu anasoma kwa Kiarabu, la pili akasoma, la tatu akasoma. Baadaye usiku, tumekaa kwenye jamvi nje, nikamuuliza alikuwa anasoma nini pale. Akaniambia ni Surat Twaha aya ya 55: kutokana na ardhi tulikuumbeni, na humo tutakurudisheni, na kutoka humo tutakutoeni mara nyingine.

Nilinyamaza muda mrefu sana. Kwa sababu mimi sentensi hiyo naijua. Nimesemewa hiyo kila mwaka tangu mtoto, kidole cha padri kikiwa kwenye paji langu: "Kumbuka, ewe mwanadamu, u mavumbi wewe na mavumbini utarudi." Nikamwambia mjomba. Akaitikia kwa kichwa, akasema "sasa ulidhani tunarudi wapi", akanimiminia kahawa. Baada ya arobaini alikuja kwetu, mara ya kwanza katika miaka mingi, akakaa sebuleni chini ya picha ya Moyo Mtakatifu, akala.

Sisemi dini zote ni moja. Watu wanaosema hivyo mara nyingi hawajashika hata moja kwa uzito, na Bibi angewashangaa. Yeye aliamini mama amepotea, na mama aliamini amepata, na waliishi na hilo katikati yao kama meza, wanakula juu yake. Ninachosema ni kwamba alama zilipokuwa kazini, kaburini, chini ya jeneza, kwenye daladala, nilizielewa hata zisizo zangu, na zilinielewa.

Na lugha yetu imechangia sana hapa, tuseme ukweli. Mkristo wa Dar akifungua mdomo kusali anatumia maneno aliyoyapokea kutoka kwenye Kiarabu: sala, imani, dhambi, malaika, Injili, sadaka, hata neno kanisa, hata neno msalaba lenyewe. Na Mwislamu anayemwita Mungu anatumia jina la Kibantu ambalo mababu walikuwa nalo kabla ya msikiti na kabla ya kanisa. Mama yangu ni Mkatoliki wa kila siku asubuhi, na hajawahi kupanga safari bila inshallah. Ukimwuliza anakuambia ni Kiswahili.

Nadhani ndo sababu inatuwia vigumu kuwaeleza wageni jinsi tunavyoishi. Sensa ya Tanzania haijauliza dini tangu ya 1967, kwa hiyo hakuna aliyetuhesabu rasmi tangu hapo, lakini mtaani kila mtu anamjua mwenzake, kwa jina, kwa ushungi, kwa rozari shingoni, kwa kibandiko cha bajaji. Ukipita Posta unaona Mtakatifu Yosefu na Azania Front, yote mawili makanisa ya enzi za Wajerumani, yanaangalia bandari, ukisogea Kisutu unakuta mahekalu ya Wahindu na milangoni mwa maduka limau na pilipili zimetungwa kwenye uzi, na ile alama ya swastika ambayo kijana aliyesoma historia ya Ulaya tu anaruka akiiona, kumbe kwa Wahindu ni alama ya heri na ilikuwepo maelfu ya miaka kabla Hitler hajaichukua. Kumuelewa mwenye duka kunahitaji umuone anavyoigusa asubuhi akifungua, sio kuiangalia alama yenyewe tu ukutani.

Hata huo mwezi. Bibi hakuwahi kuwa na mwezi na nyota wa kubandika popote. Watu wengi wanadhani ile ni nembo iliyoamrishwa, hapana, ilienea na dola ya Waturuki wa Othmaniya karne nyingi baada ya Mtume. Mwezi wa Bibi ulikuwa wa angani. Siku ya 29 ya Shaaban jua likizama alikuwa anatoka uani na sisi watoto, tunapanda juu ya ngazi ya jirani, tunautafuta, na anayeuona kwanza anapiga kelele mpaka mtaa wa pili. Mimi nilikuwa najiona mimi mtoto wa Kwaresma huo mwezi haunihusu. Kumbe unanihusu. Pasaka ni Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu wa tarehe 21 Machi au baada ya hapo, na Kwaresma inahesabiwa kurudi nyuma kutoka Pasaka. Ramadhani nayo inaanza mwezi ukiandama, na kwa kuwa mwaka wa mwezi ni siku 354 hivi, inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka. Ndo maana mwaka ule zikakutana. Tulikuwa tunaangalia mwezi mmoja.

Binti yangu ana miaka tisa. Mwaka jana tulienda Kariakoo, Mtaa wa Kongo, kumtafutia viatu vya shule, akaona mikufu ya misalaba inauzwa pamoja na hereni na vibanio, ya kung'aa, ya vijiwe vya pinki, akataka. Nikamnunulia. Tukiwa kwenye gari akawa anauchezea, mara akaniuliza, "Baba, kwani Yesu angechomwa kisu tungevaa kisu?" Watoto hawa. Nikamwambia ntakujibu nyumbani.

Nyumbani nikamweleza ninachokijua. Kwamba msalaba ulikuwa kifaa cha Warumi cha kuulia watumwa na waasi, hadharani, uchi, njiani, ili wapitaji waogope. Kwamba Wakristo wa mwanzo hawakuwa wakiuvaa wala kuuchora hovyo, walichora samaki, walichora nanga, walichora mchungaji na kondoo, na msalaba ulienea sana baadaye, karne ya nne, baada ya Kaisari Konstantino. Na nikamweleza habari moja ambayo mwenyewe ilinikaa kooni nilipoijua: kwamba moja ya picha za zamani kabisa zinazojulikana za Yesu msalabani haikuchorwa na mwamini. Ilikwaruzwa ukutani Roma, kwenye kilima cha Palatino, kama mwaka 200 hivi, na mtu aliyekuwa anamdhihaki mwenzake. Imechorwa mtu msalabani ana kichwa cha punda, na chini yake kijana kainua mkono, na maneno ya Kigiriki, Alexamenos anamwabudu mungu wake.

Binti akauliza Alexamenos alifanyaje alipoiona. Nikamwambia hakuna anayejua. Akasema, "Mimi ningelia." Akauvaa mkufu wake ndani ya fulana, akaenda kucheza. Kesho yake nikaona kauvaa nje. Sikumwambia kitu.

Kuna alama ambazo nimezichukia, na lazima nizisemee. Miaka michache iliyopita mama alikuwa na presha, anameza vidonge kila siku, hali yake nzuri. Rafiki yake akampeleka kwa mtumishi mmoja hapa mjini, simtaji. Alirudi na chupa ya mafuta ya upako na kibandiko cha mlangoni. Chupa yenyewe ni ya mafuta ya nazi ya kawaida, ile ndogo ya plastiki, imebandikwa karatasi yenye picha ya yeye mtumishi kanyoosha mkono. Shilingi elfu hamsini. Na akaambiwa imani na vidonge havikai nyumba moja, achague. Mama hakutuambia. Alikuwa anajipaka yale mafuta asubuhi na jioni, vidonge kavificha chini ya godoro ili tudhani vimeisha. Wiki ya tano kiharusi kikampiga akiwa jikoni, mkono wa kulia na mguu wa kulia.

Nimekaa na hasira hii muda mrefu na nimejiuliza sana tofauti iko wapi, maana watu wataniambia si hata hirizi, si hata medali, si hata maji yenu ya baraka. Na kweli mimi nimekunywa kombe. Nikiwa mdogo nimeshikwa na homa, Bibi alikuwa ananipeleka kwa maalim, anaandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, anaosha kwa maji ya marashi, unakunywa, harufu yake hata leo naijua. Lakini Bibi alikuwa ananipeleka zahanati kwanza, anahakikisha nimemeza dawa, ndipo tunaenda kwa maalim, na maalim hakuwahi kumwambia achague. Na baada ya kombe Bibi alikuwa haachi kukesha. Ile sahani ilimwongezea kazi. Mafuta ya yule mtumishi yaliahidi kumpunguzia mama kila kitu, kumeza, kupima, kuogopa, na kwa kupunguziwa akalipia, na yule aliyepokea hela hakudaiwa na mtu. Picha iliyoko kwenye ile chupa ni uso wake yeye. Hiyo ndo inaniuma mpaka sasa. Aliweka uso wake pale, na mama alipoanguka uso huo haukuja hospitali.

Kibandiko nilikibandua mwenyewe kwa kisu. Kiliacha gundi kwenye mlango, bado ipo.

Nyuma ya godoro hilohilo, tukitafuta kadi ya kliniki, nilikuta kijisanduku cha bati cha biskuti. Ndani rozari ya mama, tasbihi ya Bibi, na kitu kidogo cheusi kama kifundo cha nguo. Nikamuuliza kwa ishara, maana kusema ilikuwa bado shida. Ilikuwa hirizi yangu. Bibi alinifunga mkononi nilipozaliwa, baba akaona, padri akasema itolewe, mama akaitoa akamwambia Bibi nimeitupa. Hakuitupa. Mshono umeachia upande mmoja, karatasi imekuwa ya kahawia, maandishi yamefifia lakini mjomba alipoiona baadaye alisoma maneno mawili matatu akaijua: Ayatul Kursiyu. Ile inayosema kwamba Yeye hashikwi na kusinzia wala kulala. Miaka thelathini na zaidi mama Mkatoliki anailinda kwenye bati kwa sababu mama yake aliishona kwa mkono wake usiku akiniombea.

Sasa turudi ile Jumatano. Nilifika kazini, nikamaliza siku, konda sikumwona tena, na deni lile la kumwomba msamaha bado ninalo, nikiwa Rangi Tatu huwa natazama sura za makonda. Jioni nikapitia kwa mama. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha mlangoni, hakuweza kwenda misa siku hiyo, magari yalikuwa shida na mguu ulikuwa unamsumbua. Akaniangalia uso. Majivu yalikuwa yamebaki kivuli tu, jasho limeyachukua. Akaniashiria niiname. Nikainama. Akanyoosha mkono wa kushoto, ule mzima, akasugua paji langu kwa dole gumba, akasugua tena kwa nguvu kama anatoa doa, halafu akajipaka lake.

Akaniomba bati. Tangu kiharusi hawezi kutumia rozari yake, shanga zake ni ndogo, vidole havizisikii. Anasalia tasbihi ya Bibi, ya mbao, shanga nene, 99, zimelainika kama ule mkeka. Makumi ya rozari hayaendani na mafungu matatu ya tasbihi, 33, 33, 33, kwa hiyo huwa anapotea hesabu kila siku, anasali Salamu Maria nyingi kuliko inavyotakiwa, mimi nakaa pembeni naitikia.

Alipoishika tu adhana ya magharibi ikaanza msikiti wa jirani. Kwenye uwanja wa nyumba ya pili watoto wakanyamaza, nikasikia sufuria ya uji inafunuliwa. Mama akaiweka tasbihi mapajani, akasubiri. Alikuwa akisubiri hivyohivyo hata Bibi alipokuwa hai, hasemi kitu mpaka iishe. Ilipoisha akainua mkono wa kushoto kwenye paji, taratibu, akaanza.